Mama Kome na Vizimba vya Fisi Maji

Wanangu, mmekaa?

— Tumekaa.

Masikio mmekuja nayo?

— Tumekuja nayo yote mawili.

Haya, shikeni. Hapo zamani za kale, katika ziwa moja lenye maji matamu, aliishi Mama Kome. Hakuwa na macho, hakuwa na mikono. Alikuwa na gamba lake, mguu wake mmoja, na watoto wengi wadogo kama punje za mtama. Kazi yake ilikuwa kukaa chini kabisa, kwenye sakafu ya ziwa, akivuta maji, akiyachuja, akiyatoa safi. Na kazi hiyo aliifanya kwa maringo.

Siku moja Fisi Maji akaja na nyavu na miti. Akafunga vizimba juu ya nyumba ya Mama Kome, akatia samaki aina ya sato humo, akaanza kuwalisha pumba. Asubuhi pumba, mchana pumba, jioni pumba.

Sato wakanenepa. Wanyama wote wakala, wakashiba. Hata Mama Kome alifurahi mwanzoni, maana makombo yalimdondokea mlangoni.

"Kuleni, wanangu," akawaambia watoto. "Jirani yetu ana mkono wazi."

Lakini makombo yakazidi. Kinyesi cha sato nacho kikashuka. Tope likawa jeusi, likaanza kunuka. Watoto wa Mama Kome wakaacha kukua. Wawili walifungua magamba yao, wasiyafunge tena. Mama Kome akawazika kwenye tope lile lile.

Akamwita Fisi Maji. "Mwanangu, sogeza vizimba vyako. Maji ya huku chini yameharibika, watoto wanakufa."

Fisi Maji akacheka. "Wewe huna hata macho. Maji umeyaona wapi?"

"Siyaoni. Nayanywa."

Akamwita mara ya pili. Fisi Maji akachota maji juu juu kwa kiganja, akanywa. "Matamu kama jana. Labda ni uzee unakusumbua, mama."

"Wewe umekunywa dari. Mimi nakaa sakafuni."

Mara ya tatu Fisi Maji akakasirika. "Kama hupapendi, hama."

"Nihame, mimi? Mama yangu alizaliwa hapa, na mama yake pia. Wewe umekuja juzi na kamba zako."

Mama Kome akatambaa kwa mguu wake mmoja, polepole, mpaka kwa Kiboko, mkubwa wa ziwa. Kiboko akamwita Fisi Maji, akawasikiliza wote wawili, akapiga mwayo.

"Huyu anasema matamu, huyu anasema machungu. Nimwamini nani?"

"Usimwamini yeyote," akasema Mama Kome. "Amini magamba. Kome akipata maji mazuri hufungua mdomo. Akipata mabaya huufunga. Weka kome mahali patatu: chini ya vizimba, kando kidogo ya vizimba, na kule mbali mto unakoingilia. Mvua zikiisha, njoo uwatazame."

Kiboko akakubali. "Nikiwakuta wa vizimbani wazima, vizimba vitabaki, nawe utanyamaza. Nikiwakuta wamekufa, vizimba vitahama."

Mvua zikaisha. Fisi Maji akawahi kuchungulia. Kome wa mtoni walikuwa wanono. Wa kando walikuwa wamekonda. Wa chini ya vizimba walikuwa magamba matupu. Haraka akayatupa yale magamba, akazoa nusu ya kome wa mtoni, akawapanga chini ya vizimba.

Kiboko alipofika na wanyama wengine, Fisi Maji akatanua kifua. "Tazameni wenyewe. Kwa unene wananishinda hata mimi."

Wanyama wakacheka. Kiboko akamgeukia Mama Kome. "Umesikia?"

Mama Kome akapapasa kwa mguu wake, huyu, huyu, na huyu.

"Mwenye nyumba husimama, akazamisha mguu wake kwenye tope," akasema. "Hawa wamelazwa ubavu kama sahani zilizooshwa. Na mbona wamefunga midomo? Wageni wangu, fungueni midomo, mle."

Wakangoja. Nyati akasinzia pale ufukweni. Hakuna kome aliyefungua hata upenyo.

"Wapeleke mtoni," akasema Mama Kome.

Kiboko akawabeba. Hawajatua vizuri, wakafungua midomo wote kwa pamoja.

"Hawa umewatoa wapi?" Kiboko akauliza.

Fisi Maji akatazama mkia wake. "Hapa hapa mtoni, mkubwa."

Vizimba vikahamishwa siku ile ile. Vikapunguzwa, vikapelekwa penye kina kirefu, kwenye maji yanayotembea. Tope likapona kidogo kidogo, na watoto wa Mama Kome wakaanza tena kukua.

Na tangu hapo, Fisi Maji kabla ya kulisha sato wake huzamia mpaka chini, akapiga hodi.

"Mama, maji ya leo yakoje?"

Mama Kome haharakishi. Huvuta maji, huyachuja, humwacha angoje. Kisha hufungua mdomo, taratibu, kama malkia.

"Lisha," humwambia. "Lakini usizidishe."

Fundisho lake ni hili, wanangu: anayefuga juu ya maji awaulize wanaoishi chini yake. Na wewe uliye chini, unachokijua kiseme. Kiseme mara tatu, na ya nne ikibidi.

Ngano yangu imezama, imefika chini, imetulia. Anayeitaka na aizamie.