Bwana Jela Aliyependa Mahabusu

Hadithi yangu ina njaa, kwa hiyo sitaichelewesha. Mwaka ule kiangazi kilikausha mito hadi kenge wakasahau kuogelea, na mahali pamoja tu palikuwa na chakula cha uhakika: jela. Mfalme Simba, kwa kupenda sifa, alikuwa ameagiza kila mahabusu apewe mnofu mmoja kwa siku. Bwana jela alikuwa Fisi. Basi Fisi akakamata digidigi, akakamata sungura pori wawili, akamkamata na Bi Kobe, wote walaji wa majani, na minofu yao akawasaidia kuila.

Bi Kobe alishtakiwa kwamba aliiba paja la nyati la mfalme, akatoroka nalo kwa kasi. Siku arobaini alikaa ndani. Jela yenyewe haikumtisha. Alichohofia ni mayai yake, aliyoyafukia mchangani bila mlinzi, na nguchiro walikuwa wamejaa tele. Kila akiulizia kesi yake, Fisi alimjibu, "Upelelezi unaendelea."

Hatimaye akaja Sungura, wakili wa wasio na wakili.

"Mama, hii alama ya mguu kwenye karatasi ya kukiri ni yako?"

"Mguu ni wangu, mwanangu. Lakini nilikuwa nimepinduliwa chali, karatasi yenyewe hata sikuiona."

Mbele ya Simba, Sungura akamgeukia Fisi. "Afande, ulimfukuza mshtakiwa?"

"Mpaka pumzi zikaniishia!"

"Akakushinda mbio?"

"Alinitimulia vumbi!"

Baraza likaangua kicheko. Simba akanguruma. Askari wake hakosei, alisema, kwa sababu aliyemteua hakosei. Moyoni Bi Kobe akayaona mayai yake yameshaliwa.

Sungura akainama. "Mtukufu, sibishi. Ila mfalme mkuu kama wewe humlisha hata mwizi wake. Liletwe paja zima, aliyeiba alile hapa hapa, watu wauone ukarimu wako."

Sifa humlewesha Simba. Paja likaletwa, linachuruzika mafuta. Bi Kobe akalinusa, akageuza shingo. "Mimi hata meno sina, Mtukufu."

"Basi lirudishwe ghalani," akasema Sungura, "hadi apatikane mwizi halisi."

Mate ya Fisi yalikuwa yameshalowesha sare yake. Paja lilipofika mlangoni, uvumilivu ukamwisha.

"Ngojeni! Mwizi ni mimi! Hata lile la kwanza nililila mimi, mifupa iko chini ya kitanda changu!"

Simba akaamuru afungwe papo hapo, na mahabusu wote waachiwe. Bi Kobe hakuaga mtu. Alishika njia ya mchangani kwa haraka yote aliyojaliwa, akayakuta mayai salama kesho yake jioni.

Fisi naye akadai wakili. Sungura akaenda, maana mahabusu ni mahabusu hata akiwa Fisi.

"Ulikiri kwa hiari yako, au ulilazimishwa?"

"Nililazimishwa!" Fisi akalia kwa kwikwi.

"Na nani?"

"Na lile paja."

Sungura akafunga daftari. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.