Unga wa Kumtegea Mwizi wa Oili

Wahenga waliposema kikulacho ki nguoni mwako, hawakuwa wakimsema chawa peke yake. Walimaanisha kwamba kinachokudhuru mara nyingi hakiko mbali: kimo mwako mwenyewe, pale ambapo mkono unafika lakini jicho halipiti. Ila wengi wetu tukiisikia methali hii hukurupuka na kuwatazama jamaa zetu kwa jicho la pembeni. Ndivyo alivyofanya mwokaji mmoja wa mikate, na nusura avunje nyumba yake kwa sababu ya kidude kisichozidi kidole gumba.

Mwokaji huyu alikuwa na tanuri nyuma ya nyumba na kigari cheupe cha kusambazia mikate madukani. Aliishi na mama yake mzazi, ambaye kila mtu alimwita Bibi, pamoja na mkewe na kaka wa mkewe. Shemeji huyo walimbandika jina la Kimya, kwa kuwa maneno yake yalikuwa adimu kama maziwa ya kuku. Kimya alikuwa amemwaga unga kiwandani, yaani kazi ilimponyoka, na sasa alifanya vibarua kwenye gereji.

Taabu ilianzia kwenye oili ya injini. Kila Ijumaa jioni mwokaji alifungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia, akakifuta kwa kitambaa na kukichovya tena. Kila Ijumaa oili ilikuwa imeshuka. Alilala chali chini ya gari akitafuta japo tone moja. Sakafu ya banda ilikuwa kavu kama ulimi wa mgonjwa.

"Oili haina miguu," alimwambia mkewe. "Humu ndani nani ananuka oili?"

"Mume wangu, sema unalotaka kusema."

"Nimeshasema. Mwenye masikio amesikia."

Mkewe akageuka na kuendelea kupanga mikate.

Kimya alikuwa amemtahadharisha zamani. "Shemeji, valvu ya kupumulia ya injini imechoka. Tuibadilishe." Mwokaji alimkatiza palepale. "Mafundi nyie! Mkiona gari la mtu mnaona ng'ombe wa kukamua. Nisikuone tena karibu na boneti yangu."

Basi akatega mtego ambao mwokaji peke yake angeweza kuuwaza. Jioni moja alichukua chekeche yake yenye matundu madogo kuliko zote, akanyunyiza unga kuzunguka gari mpaka sakafu ikawa kama imelambwa na ukungu. Asubuhi akaenda kutazama. Nyayo za kandambili zilitoka upande wa chumba cha nyuma, zikasimama penye boneti, zikarudi zilikotoka. Kisigino cha kulia kilikuwa kimelika upande mmoja, kama mkate ulioumwa na panya. Nyumba nzima iliijua kandambili ile ya Kimya.

Mwokaji hakupiga kelele. Aliufagia unga, akanunua mnyororo na kufuli. Akajaza oili mpaka alama ya juu, akaifunga boneti kwa mnyororo, na ufunguo akauvaa shingoni ndani ya shati. Tangu hapo kila mlo akawa anaitazama mikono ya Kimya. Kimya akikohoa, mwokaji alisema moyoni, "Dhamira inamsuta." Akitabasamu, "Ananicheka." Akinyamaza, basi hapo ndipo anapanga jambo.

Ijumaa ilipofika, mwokaji akafungua kufuli na kuchovya kijiti. Kikatoka kimelowa nchani tu. Tangu alinunue gari lile, oili haikuwahi kushuka namna ile.

"Ana ufunguo wa pili!" alifoka. Kabla mtu hajamshika, aliingia chumba cha nyuma, akatoka na begi la Kimya na kulibwaga kizingitini. "Toka! Nilidhani nimekaribisha ndugu, kumbe nafuga nyoka!"

Mkewe akasimama mlangoni, macho yamemwiva. "Akitoka kaka yangu, na mimi natoka. Sikuzaliwa kwa wezi."

"Nyayo zake nimeziona kwa macho yangu!"

"Kitendawili!" Bibi alisema kutoka kwenye kiti chake, sindano na kifungo mkononi.

"Mama, sasa hivi kweli?"

"Nimesema, kitendawili!"

"Tega," mwanawe akajibu shingo upande.

"Nina mtoto mlafi. Mlango ulipokuwa wazi, njaa yake ilikuwa kidogo. Nilipoufunga, njaa ikazidi."

Mwokaji alikuna kichwa. "Imenishinda. Nakupa mji."

"Mji wako sitaki, nataka akili yako. Ulipofunga boneti, oili imepungua zaidi. Mlango ulipokuwa wazi, nani alikuwa anamlisha mtoto?"

Kimya aliinama, akalifungua begi na kutoa kopo la oili, nusu limejaa.

"Hiyo hapo! Hiyo hapo!" mwokaji akaruka.

"Ndiyo hii, shemeji. Ila haikutoka kwenye gari lako. Ilikuwa inaingia." Hayo yalikuwa maneno mengi kwa Kimya, lakini akaendelea. "Ulinikataza kugusa valvu. Nikaogopa injini itakufia njiani na mikate. Gereji wananipa kidogo kidogo, naongezea alfajiri kabla hujaamka. Ulipotia kufuli, nikashindwa."

"Hayo ni maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Sasa nani anainywa?"

"Gari lenyewe."

Bibi alikata uzi kwa meno. "Basi lifungue wewe, kwa mikono yako. Yeye asiguse kitu, usije ukasema amekufanyia kiinimacho."

Injini ilikuwa imepoa. Kimya alisimama mikono nyuma kama mfungwa, akielekeza kwa kidevu. "Lile bomba la mpira juu. Legeza kibanio. Usilivute kwa nguvu, lizungushe kwanza." Bomba lilichomoka, limepasuka ubavuni, na ndani linang'aa oili. Mwokaji akaing'oa valvu kwenye tundu lake.

"Itikise sikioni."

Akaitikisa. Haikusema kitu. Kimya akatoa nyingine mpya mfukoni, imefungwa kwenye karatasi. "Na hii."

Kach, kach, kach.

"Ndani ina kimoyo kinachocheza," Kimya akaeleza. "Cha hiyo yako kimekwama wazi. Injini ikivuta pumzi inavuta na oili, inaichoma, na moshi wa buluu unatokea nyuma. Wewe uko mbele, utauonaje?"

"Ala!" mkewe akadakia. "Ndiyo maana ukirudi tu na gari, mashuka yangu kambani yananuka moshi!"

Mwokaji alipachika valvu mpya na bomba jipya ambalo Kimya alilileta kutoka gereji, akajaza oili mpaka alama ya juu. Hata hivyo wasiwasi haukumtoka. Alirudisha mnyororo, akanyunyiza na unga. Kimya naye hakulirudisha begi chumbani. Liliketi mlangoni wiki nzima kama mtu anayesubiri hukumu, na kila apitaye aliliruka.

Ijumaa mwokaji alitazama sakafu. Kwenye unga kulikuwa na nyayo za paka tu. Akachovya kijiti mara moja, akakifuta, akachovya tena. Oili ilikuwa palepale kwenye alama ya juu.

Aliufungua mnyororo, akautupa pembeni. Kisha akaliinua begi kwa mikono miwili, akalirudisha chumba cha nyuma na kuliweka juu ya kitanda. Alipotoka alimkuta Kimya uani.

"Shemeji, nimekukosea. Boneti ni yako," alisema, akamtia ufunguo wa gari kiganjani.

Kimya akatabasamu. Safari hii mwokaji hakuona ndani yake hila yoyote.

"Na hii mbovu niitupe?" mwokaji akauliza, akiitikisa ile valvu bubu.

"Usimtupe, mwanangu," Bibi akacheka mpaka kifungo kikamponyoka. "Mtundike pale juu ya tanuri umwone kila siku. Chawa wako huyo. Ulikuwa unapekua nguo za shemeji yako, kumbe kikulacho ki nguoni mwako."