Wali wa Kipozamataza

Haki ya Mungu, naapa, na nyumba ya saba wasikie: kila neno hapa ni kweli tupu, na nikiongeza hata chumvi ya kubana kwa vidole viwili, ulimi wangu uote majani. Haya, tulieni, watoto.

Zamani hizo, milima ikiwa bado vichuguu na tembo akipita tundu la ufunguo, palikuwa na mbuga ya majani marefu. Marefu hasa. Twiga alipotelea humo, akatafutwa mwezi mzima. Na humo aliishi Kipozamataza, ndege wa rangi ya udongo, jina refu kuliko mwili. Hakuwa na mti wala hakuutaka. Alitaga chini, katikati ya kishungi cha majani, na siku zile alikuwa na mayai matatu yanayokaribia kupasuka.

Mwenyekiti wa mbuga alikuwa Nyati. Akaletewa habari kwamba Mzee Simba anakuja kutembea. Basi akapandwa na wazimu wa usafi.

"Mbuga imeota pori," akasema. "Mgeni atatuonaje? Nataka iwe kama uwanja wa nyumbani kwangu, ifagiliwe mpaka udongo ung'ae."

Fyeka, fyeka, fyeka. Yaliyobaki yakatiwa moto, pwa-pwa-pwa. Kwale akahama na kifurushi kichwani. Tandawala, yule ndege mkubwa wa miguu mirefu, akahama. Korongo akaondoka bila kuaga. Kipozamataza akabaki na kipande cha bondeni tu, na mayai yasiyojua kutembea.

Akamwendea Nyati. "Mwenyekiti, pale bondeni paacheni. Ni nyumbani kwangu."

"Nyumbani kwako majani? Wewe si ndege? Hamia mtini kama wenzako."

Kipozamataza akavuta pumzi. Hilo la mti alishalijibu mpaka mdomo ukaota sugu. "Mwenyekiti, Mbuni naye ni ndege. Umewahi kumwona juu ya mti?"

"Usinichanganye na mambo ya Mbuni. Nitakupandia mkaratusi palepale bondeni. Unaona nilivyo na huruma?"

"Na Kunguru akikaa juu ya huo mkaratusi, akayachungulia mayai yangu?"

"Mtajuana wenyewe, ndege kwa ndege."

"Haya, na wewe mwenyewe unakula nini, Mwenyekiti?"

"Majani."

"Na unafyeka nini?"

Nyati akafikiri. Akafikiri mpaka kupe wake wakasinzia. "Uchafu," akasema.

Kipozamataza akarudi kwake roho imechoka. Asubuhi akasikia kishindo, tindi, tindi, tindi. Alikuwa Ngiri, mgambo wa Nyati, panga mkononi, mkia juu kama antena.

"Toka humo, bibie. Leo ni zamu ya bondeni."

"Sitoki. Na wanangu hawatoki. Wamo ndani, siku yao ya kutoka bado." Alisema kwa hasira tu, hakuwa na hila yoyote.

Ngiri akasimama. Mkia ukashuka taratibu. "Wamo ndani?"

"Wamo ndani."

"Hawajatoka?"

"Ngiri, umeziba masikio? Hawajatoka."

"Kumbe ni wali," Ngiri akanong'ona, akageuka haraka kuangalia kwingine. "Mnacheza unyago humu, na mimi mwanaume nimesimama na panga. Mbona hukusema, mama?"

Mnaujua unyago: wasichana, ndio hao wali, wanawekwa ndani, wanafundwa na kungwi, na mwanaume akichungulia, aibu yake haifutiki. Kipozamataza alikuwa amefungua mdomo kumwita mjinga. Akaufunga. Akaruka juu kidogo, akagonganisha mabawa, trrrrp, trrrrp, kama kingoma cha mbali.

"Unasikia?"

"Sisikii kitu, sikuona kitu, sikufika hapa," akasema Ngiri, naye ameshafika kilimani.

Habari ikamfikia Nyati. Akamuuliza mkewe, "Eti bondeni kuna unyago?"

Bi Nyati hakuwa na habari hata ya mbali. Lakini mke wa mwenyekiti asijue unyago? Akakaza shingo. "Mambo ya wanawake hayaulizwi, baba watoto."

Kisha akashuka bondeni anafoka. "We Kipozamataza, unyago mzima, mimi sina habari? Umenidharau namna hii?"

Kipozamataza akapanua majani kwa mdomo. "Wali wenyewe hawa, shoga. Wamo ndani ya ganda."

Bi Nyati akakodoa macho. "Na mimi nimeshamwambia mume wangu ni mambo yetu."

"Basi ni yetu. Au rudi ukamwambie hukuwa unajua."

Bi Nyati akayafunika majani kwa pua. "Wali wazuri," akasema.

Mzee Simba akafika. Mbuga nyeupe, vumbi mpaka kwenye meno. Akapiga chafya moja, ikamrusha Ngiri tarafa ya pili. "Nimetoka kote huko nije nilale kwenye majani," akasema, "mmenitandikia jivu?" Akageuza njia, hata chai hakunywa.

Njaa ikaingia. Nyati akakonda mpaka pembe zikawa zinamwinamisha. Akaja ukingoni mwa bonde, amefumba macho kwa adabu.

"Bi Kungwi, wali watatoka lini?"

"Hawa wametoka jana. Wengine wanaingia karibuni."

"Na hao wakitoka?"

"Wengine tena."

"Sasa mimi nitakula nini?"

"Hilo ndilo nililokuuliza siku ile. Kula pembeni ukiwa unapita, usikae. Vishungi vya chini usiviguse. Moto sitaki. Mkaratusi wako kapande uani kwako. Na kule ulikofagia, tupa fagio, mvua ikija majani yataota yenyewe."

Nyati akatii. Mvua ikaja, majani yakarudi. Akarudi Kwale na kifurushi chake, akarudi Tandawala, na Korongo akarudi kama hakuwahi kuondoka.

Basi, watoto, usipaite mahali pachafu kabla hujauliza nani analala hapo.

Na haya yaishie hapahapa, nawaomba, asiyarudie mtu. Mpaka leo Nyati akipita bondeni hufumba macho, mkewe anamshika mkono. Siku akijua, tutafyekewa wote.