Mbunge Aliyekataa Kurudisha Shilingi

Kaeni mkao wa kugombana, maana katika hadithi hii hakuna wa kupendwa. Wapo watu watatu waliofanikisha jambo moja, na hao watatu hawapikiki chungu kimoja.

Wa kwanza ni Ezra Mwambene, mkaguzi wa hesabu za serikali. Huyu alijaliwa jicho. Mwonyeshe ukuta uliopakwa rangi jana, atakuambia chini yake kuna rangi gani, na hatakuambia kwa upole. Wa pili ni Masunga Jidula, mfanyabiashara wa ng'ombe. Yeye alijaliwa ubishi: akisema hapa siondoki, mtaondoka ninyi. Wa tatu ni Mheshimiwa Veronika Luhende, mbunge wa Mwabuluda, aliyejaliwa ulimi. Akisimama bungeni, mawaziri huomba maji ya kunywa. Tutaandamana naye huyu, kwa sababu ndiye mwenye cha kupoteza. Uchaguzi ulikuwa mlangoni, Masunga alikuwa anakitamani kiti chake, na huko kwao nusu ya watu walikuwa wameacha kumsalimia.

Chanzo kilikuwa wodi. Bunge lilipitisha fedha za kujenga wodi ya wazazi Mwabuluda, yenye chumba cha upasuaji, ili wajawazito wasisafirishwe kwenye ile barabara mbovu kwenda mjini. Fedha zikatoka, zikaishia mifukoni mwa mkandarasi na wakubwa waliompa kazi. Kisha kamati ya bunge ikatangaza kwamba inakuja kukagua. Mnajua ziara hizo zilivyo: taarifa hutangulia, wageni hufuata, na katikati hapo kuna muda wa kutosha wa kupaka chokaa. Mkandarasi akachukua ghala kuukuu la pamba, akalipaka, akatundika mapazia, akabeba vitanda kutoka bweni la shule ya sekondari.

Veronika alikuwa mjumbe wa kamati hiyo. Alipokewa kwa ngoma, akapewa maini ya mbuzi, akacheza mpaka kilemba kikafunguka. Akachungulia mlangoni, akaona vitanda na mashuka meupe, akarudi barazani na kusema, "Wanawake wa Mwabuluda, wodi yenu hii hapa! Zaeni bila hofu!" Vigelegele vikapigwa. Hakuuliza chumba cha upasuaji kiko wapi.

Muda si mrefu akaja Ezra, bila taarifa wala ngoma. Alikataa kuchinjiwa mbuzi. Alipita kati ya vitanda akiwa ameinama, akipapasa vyuma.

"Hivi vimekatwa," akasema.

Kweli, kila kitanda kilikuwa na visiki vya chuma kwenye pembe zake, pale kitanda cha juu kilipotenganishwa na cha chini kwa msumeno. Muuguzi aliyewekwa pale kupokea wageni akamnong'oneza, "Kaka, nyamaza kidogo tu. Watu wana watoto wa kusomesha."

"Na mimi ninao. Wanalala kwenye vitanda vya namna hii shuleni, ndiyo maana navijua."

Akaandika taarifa yake bila kumwonea haya mtu, akaipeleka ofisini, basi. Kazi yake ni kuandika, alisema, si kupiga kelele barabarani. Taarifa ikalala kabatini msimu mzima wa mvua.

Mvua zilipokwisha, mkandarasi akapata fununu kwamba taarifa ipo. Akatuma lori likasombe vitanda na mapazia, ghala lirudi kuwa ghala, na mkaguzi aonekane mwongo. Masunga aliposikia alikwenda moja kwa moja, akalala chali mbele ya matairi. Dereva akapiga honi, akatukana, akawasha injini.

"Pita," Masunga akamwambia. "Lakini utapita na utumbo wangu."

Jua likamchoma, nzi wakamtambaa usoni, hakuinuka mpaka waandishi wa habari wakafika na kamera zao na kupiga picha kila kisiki cha chuma. Walipomuuliza kwa nini amejitoa mhanga namna ile, hakuficha. "Sikulala hapa kwa ajili ya mjamzito yeyote. Nataka nchi nzima ione kitu ambacho Veronika alikisifu."

Picha zikafika bungeni wakati wa bajeti. Mnadhimu wa chama akamvuta Veronika kando. "Dada, aliyecheza pale mbele ya watu ni wewe. Ukifungua mdomo unajichoma mwenyewe. Kaa kimya, kwenye uchaguzi tutakubeba."

Sasa sikilizeni desturi ya bunge hilo. Mbunge asiyeridhika na wizara hushika shilingi ya mshahara wa waziri. Shilingi yenyewe huioni, ni namna ya kusema tu, lakini ikishikwa, bajeti ya wizara haipiti mpaka waziri ajieleze. Naye akishajieleza, mbunge hushukuru na kuirudisha. Wote huirudisha. Wengine huishika ili waonekane kwenye televisheni tu, watu wa kwao wafurahi.

Veronika akasimama, akaishika. Waziri akajieleza kwa maneno laini, akaahidi kuunda tume. Spika akatabasamu.

"Mheshimiwa Luhende, nadhani sasa unaturudishia shilingi."

"Siirudishi."

Ukumbi mzima ukaguna.

"Mheshimiwa, maelezo umepewa."

"Maelezo hayamzalishi mtu, Mheshimiwa Spika. Mimi mwenyewe nilikwenda pale. Nilikula maini, nikacheza, nikasifu ghala la pamba. Msiseme nilidanganywa. Sikuuliza! Leo nauliza, na shilingi hii siiachii mpaka fedha za wodi zirudi kwenye bajeti."

Mnadhimu akamkazia macho ya kumla mbichi. Lakini akasimama mbunge mmoja kumuunga mkono, wakafuata wengine, na bajeti ya waziri ikakwama mpaka fungu la wodi lilipoingizwa upya. Mkandarasi akatiwa mbaroni. Wodi ikajengwa, ya matofali, na chumba cha upasuaji kipo kweli, unakiona kwa macho.

Siku ya kuifungua akachinjwa fahali. Kwa watu wa Mwabuluda, nundu ya fahali wa sherehe hupewa mtu mmoja, yule aliyeleta heri, na anayepewa nundu ndiye watu watakayemsikiliza mwaka ule. Haigawanywi wala hairudi jikoni. Kila mtu alijua: ikienda kwa Masunga, Veronika hana kiti tena.

Watatu wale wakaanza kuparurana kabla nyama haijaiva.

"Bila jicho langu mngekuwa bado mnasifu chokaa," alisema Ezra.

"Jicho lako linalipwa mshahara," Masunga akamjibu. "Unataka mshahara na nundu pia?"

"Na wewe ulilala pale kwa chuki," Veronika akamtolea uvivu.

"Chuki yangu ilisimamisha lori, Mheshimiwa. Upendo wako ulicheza ngoma."

Anayeamua ni yule anayebeba sahani, na sahani hubebwa na mtu aliyeumizwa zaidi na shida iliyokwisha. Siku hiyo aliibeba Nyamizi. Msimu ule wa mvua, binti yake Kulwa alifia njiani akiwa na uchungu wa uzazi. Nyamizi akasimama mbele ya Ezra kwanza.

"Baba, ulipoviona vile vitanda, mwanangu alikuwa hai. Ungepiga kelele ningemwondoa mapema."

Ezra akavua miwani yake. Nyamizi akasogea kwa Masunga. "Usiku ule nilikuja kukuomba gari. Ulisema, 'Mwambie mbunge wako aje akubebe.'"

Masunga akatazama chini. Nyamizi akafika kwa Veronika.

"Mheshimiwa, nilikuwa mbele kabisa ukicheza. Kulwa alitaka kwenda mjini kwa shangazi yake, ajifungulie huko. Nikamwambia, 'Wa nini mjini? Mbunge amesema tuzae bila hofu.' Tulipofika wodini tukakuta vitanda tu."

Veronika, mwenye ulimi, akauuma. Alitaka kulia. Vilevile aliitaka ile sahani, aliitaka kufa, na akajichukia kwa kuitaka.

Msiniambie aigawe, nimeshasema haigawanywi. Msiniambie awanyime wote watatu, maana ndani ya wodi wakati huohuo kulikuwa na msichana amepasuliwa salama, na asingekuwa hai kama angekosekana hata mmoja kati yao. Wewe uliyenyamaza hapo nyuma, hebu ipokee sahani, mama wa watu amechoka kuishika. Unaiweka mbele ya nani? Na ukishaiweka, utamwambia nini Nyamizi?