Ngazi za Mrindoko

Hapo zamani, na msiniulize zamani gani maana hata mimi niliikuta imeshapita, palikuwa na mji juu milimani wenye chemchemi ya maji moto. Watu walitoka nchi za mbali, wakavuka bahari, wakapanda mlima huku wakihema, ili tu wakae ndani ya yale maji na kutazama mawingu yakipita chini yao. Mji ule uliishi kwa wageni. Ukiwaondoa wageni, palibaki mawe na baridi.

Wenyeji walikuwa na desturi yao. Mgeni akifika langoni, nyumba itakayowahi kumpa kata ya maji ndiyo inayokuwa kwao. Mwenye kata ni mama yake, ni baba yake. Akiugua watamuuguza, akidhulumiwa watasimama barazani wamsemee. Maana mgeni atasemewa na nani? Ndugu zake wako ng'ambo, hata akilia hawamsikii.

Basi alikuwapo mjane mmoja, Nakiete, mwepesi wa miguu na mwepesi wa kata. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Mrindoko, kijana mwenye mikono ya kazi na macho ya tamaa. Siku moja akafika binti kutoka nchi ya theluji, jina lake Halina. Nakiete akawahi langoni.

"Kunywa, mwanangu. Hapa ni kwenu."

Halina akanywa, akacheka, maji yakamchuruzika kidevuni. Mama na binti wakapendana siku ileile. Binti akakaa jikoni kujifunza kusonga ugali, akawa anajiunguza vidole na kuvilamba, na Nakiete anamcheka mpaka mbavu zinamuuma.

Sasa yule binti alikuwa na darubini. Mrindoko akaitazama asubuhi, akaitazama mchana, ilipofika jioni uvumilivu ukamwishia. Akamfuata Halina kwenye njia ya chemchemi.

"Nipe."

"Sikupi."

Huyu akavuta, na yule akavuta. Ndipo kijana, sijui shetani gani alimpanda, akainua rungu akampiga binti wa watu gotini. Goti likavunjika. Akachukua darubini akatimua mbio, akamwacha pale mwambani analia kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua. Wanawake waliokwenda kuoga ndio waliomkuta.

Baraza likakaa. Mwamuzi alikuwa Mzee Mruma. Akauliza, "Nani anamsemea mgeni?" Watu wote wakamgeukia Nakiete, kwa sababu kata ilikuwa yake.

"Nakiete," mwamuzi akasema, "hapa umesimama mama wa nani?"

Nakiete akamtazama mwanawe aliyefungwa kamba. Akamtazama binti aliyelazwa kwenye machela, amefumba macho. Angeweza kukaa chini, akaomba mwingine aseme, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini lile "hapa ni kwenu" alilitamka yeye, kwa kinywa chake.

"Mama wa mgeni," akajibu.

"Unataka nini kwa aliyemuumiza mwanao?"

"Nataka sheria."

Haya, sheria yenyewe sikilizeni ilivyokuwa. Ukimvunja mwenyeji mguu, utamlimia shamba lake mpaka apone, na jua likizama unarudi kula kwenu. Ukimvunja mgeni, unatoka mjini. Hulali kwenu, huuoni uso wa mama yako, mpaka mgeni yuleyule arudi kwa miguu yake mwenyewe, apokee maji ya mwenyeji wake, aseme: yametosha. Akinywa bila kulisema neno hilo, lango limefungwa, hurudi tena maishani.

Mzee mmoja, Senzighe, aliyewahi kuvunjwa mguu na jirani yake, akainuka kwa hasira. "Kwani mguu wangu mimi ulikuwa wa mti? Aliyenivunja alilima misimu yake, sasa anakula kwake anashiba. Mguu wa mgeni una nini?"

"Wewe una ndugu hapa," Mruma akamjibu. "Aliyekuumiza anakutana na macho yao kila siku. Huyu binti ana macho ya nani? Na wageni wakisikia huku wanapigwa, nani atapanda mlima?"

"Ahaa! Kumbe mnaogopea mlima, si goti la mtoto!"

Watu wakacheka, kisha wakaona aibu. Hukumu ikabaki palepale. Mrindoko akatolewa nje ya lango. Halina akashushwa kwa machela, akarudishwa kwao. Ile darubini alisema hataki hata kuiona, ikatundikwa barazani.

Nakiete akarudi nyumbani. Akapika kwa mazoea, akajikuta amepika chakula cha watatu. Jamani, kuwa na hamu na mtu aliye hai ni kazi. Aliyekufa utamlilia, utamzika, utajua aliko. Wake walikuwa hai wote wawili, mmoja ng'ambo ya bahari, mmoja chini ya mlima, na yeye kati yao na sufuria iliyojaa.

Asubuhi moja akasikia sauti kutoka bondeni. Ko, ko, ko. Nyundo na tindo. Akatoka nje mbio, kwa sababu mkono ule aliujua. Mrindoko alikuwa ameketi huko chini akawaza, akagundua jambo lililomkata maini: goti alilolivunja ndilo goti la kumrudisha kwao. Halina atapandaje njia ile ya utelezi kwa mguu ule? Lakini njia ilikuwa nje ya lango, na sheria haikumkataza kuigusa. Basi akaanza kuuchonga mlima ngazi, fupi fupi, za mtu mwenye mguu mbovu.

Ko, ko, ko. Nakiete naye akatoa kinu chake uani, akakitwanga kitupu, du, du, du, ili mwanawe asikie kwamba mama yupo. Wakaishi hivyo. Siku ya mvua nyundo ilinyamaza, na siku hiyo Nakiete hakula. Mara nyingine alipita barazani, akaitazama darubini ukutani, akatamani aiombe amwone mtoto wake, japo mgongo tu. Akaona haya. Si ndiyo hiyo iliyowaponza?

Misimu ikaja ikaenda. Nyundo ikapanda, ikapanda, ikakaribia lango, mpaka Nakiete akawa anasikia na kikohozi. Kona moja tu ya jabali iliwatenganisha. Mara ngapi alinyoosha mkono akaligusa lile jabali upande wake! Hakuvuka.

Halafu siku moja nyundo ikanyamaza asubuhi mapema, na jua linawaka. Nakiete akaacha mchi, akakimbilia langoni. Kwenye kona akatokea mwanamke mwenye mkongojo, nywele zimeanza mvi, anapanda ngazi moja, anapumzika, anapanda nyingine. Nyuma yake, mbali kidogo, Mrindoko ameugeuzia uso wake mwamba ili asivunje sheria.

"Halina! Mwanangu!" Nakiete akachota maji kwa haraka, nusu yakamwagikia miguuni mwake. Halina akaipokea kata. Hakunywa. Mji mzima ukakusanyika, na Mzee Mruma akaletwa, sasa macho yake hayaoni vizuri.

"Kijana ana neno?" akauliza.

Mrindoko akasema huku bado anautazama mwamba. "Nilimuumiza. Sikatai. Kila jiwe nililochonga nilikuwa nawaza goti lake. Nimezeeka nasikia kinu cha mama yangu, na uso wake siuoni. Naomba kurudi nyumbani."

"Mgeni ana neno?"

"Nimepanda vizuri," Halina akasema. "Naishukuru mikono iliyochonga. Lakini Mrindoko, ulinichongea mimi njia, au ulijichongea wewe mlango? Mimi sikuja kwa ajili yako. Nimekuja kwa sababu nimeyaota maji haya, nimeliota jiko la mama, mpaka kwetu kukawa kama ugenini. Baridi ikija, goti hili huniamsha. Leo nikilala kwa mama, na wewe uko chumba cha pili, nitapata usingizi?"

Senzighe hakuweza kukaa kimya, lini aliweza? "Aliyenivunja mimi namwona anacheza ngoma harusini! Huyu kalipa mara nyingi zaidi. Mwacheni mtu aende kwa mama yake."

"Tukilegeza leo," Mruma akasema, "kesho atakayemwinulia mgeni rungu atajiambia: si kitu, nitachonga ngazi."

Halina akaitazama kata. "Neno 'yametosha' linakataa kutoka. Nikisema nisiseme, nikimwangalia mama, hilo nalo siliwezi. Mama, siku ile nilikuwa nimefumba macho, ukanisemea. Nisemee na leo. Utakalosema ni langu."

Watu wakaguna. Mruma akaitikia kwa kichwa polepole. "Ni haki yake. Ila kumbuka, Nakiete, anayemsemea mgeni husema la mgeni, halisemi la moyo wake mwenyewe. Nami nitakuuliza kama nilivyokuuliza siku ile. Umesimama mama wa nani?"

Nakiete akamtazama Halina, akauona ule mkongojo na ile mikono iliyojifunza ugali jikoni kwake. Akamtazama Mrindoko, akakiona kisogo chake tu, kimeingia mvi, na ile mikono iliyopasuka kwa mawe. Kata iko karibu na midomo ya Halina. Ngazi ya mwisho iko mbele ya mguu wa Mrindoko. Wote wawili wanangoja sauti moja.

Mimi niliyesimuliwa niliachwa hapo, nami nawaacha hapohapo. Nyinyi mlionikodolea macho, mnao mama zenu, na wageni mnawapokea. Hebu niambieni: je, Nakiete ajibu kuwa ni mama wa nani, na lile "yametosha" alitamke au asilitamke?