Sultani Aliyevunja Kuta za Makarani

Hapo zamani, enzi ambazo barua ya mfalme ilikuwa na nguvu kuliko upanga wake, palikuwa na sultani mmoja jina lake Zahrani. Makarani wake arubaini walikuwa wakiandika katika vyumba vidogo vidogo, kila wawili na mlango wao. Siku moja waziri akamnong'oneza, "Maulana, nyuma ya milango ile watu wanalala." Basi sultani akaamuru kuta zote zivunjwe, vyumba vikawa ukumbi mmoja, naye akawekewa kiti juu ya jukwaa apate kuwaona wote kwa mara moja.

Kuona, aliona. Lakini kwa makarani ikawa taabu juu ya taabu. Huyu anasomewa hati kwa sauti, yule anabishana na wenye mashamba, huku muuza kahawa anagonganisha vikombe, kule mtu ana kikohozi cha wiki ya tatu. Mtu akishika kalamu, neno humtoka kichwani kabla halijafika kwenye karatasi.

Ikawa siku hizo sultani wa nchi jirani alifiwa na mama yake. Karani Shaame, mzee mwenye hati nzuri kuliko wote, akaamriwa aandike barua ya rambirambi. Naye alipokuwa akiandika, mpishi mkuu alikuwa ubavuni pake akimtajia karani mwingine mapishi ya karamu. Basi barua ikafika kwa jirani imeandikwa hivi: "Tumepokea kwa huzuni habari za mama yako. Mungu amlaze mahali pema, kisha akatwe vipande na kutiwa nazi."

Jirani akaghadhibika, akaifunga njia ya visima ipitayo nchini mwake, misafara ikakwama. Zahrani akamwita Shaame, naye akaja akapiga magoti.

"Maulana, ni kelele," akasema. "Nilisikia nazi, mkono ukaandika nazi."

"Kosa si la ukumbi, ni la masikio yako!" akanena sultani. "Nakupa siku tatu. Aletwe mtu ambaye akiketi ukumbini humu hasikii neno la yeyote ila la sultani, awafundishe ninyi nyote. Asipopatikana, masikio hayo nitayakata."

Mkewe Shaame, Bi Mwanaesha, akaenda akilia kwa Ngwali, jirani yao, masikini ambaye kanzu yake ilikuwa na viraka vingi kuliko kitambaa chenyewe, lakini ulimi wake haukuwa na kiraka hata kimoja.

"Shemeji, futa machozi," Ngwali akamwambia. "Mtu huyo namjua."

"Yuko wapi?"

"Yuko mjini humu humu. Kazi ni kumketisha mkekani."

Siku ya tatu Ngwali akaingia ukumbini peke yake. Sultani akamuuliza, "Yuko wapi mtu wako?"

"Yupo, Maulana, ila sithubutu kumtaja mpaka nipewe amani."

"Amani umepewa. Sema."

"Nimewauliza wapishi, nimewauliza askari, nimemuuliza hata mke wa waziri. Wote wamesema neno moja: asiyesikia neno la mtu yeyote ila la sultani ni mtu mmoja tu, naye ni sultani mwenyewe."

Ukumbi ukanyamaza kimya, mara ya kwanza tangu kuta zianguke. Waziri akainamia viatu vyake. Uso wa sultani ukawiva, lakini amani alikwisha kuitoa, na watu wote walisikia.

"Basi shuka, Maulana, utufundishe," akasema Ngwali. "Barua ya kumwomba radhi jirani bado haijaandikwa."

Sultani akashuka, akaketi mkekani pa Shaame, akachovya kalamu. "Endeleeni na kazi zenu!" akaamuru, nao wakaendelea. Vikombe vikalia, mwenye kikohozi akakohoa, wenye mashamba wakapandiana sauti. Sultani akaandika, akafuta, akaandika tena, jasho likamtiririka shingoni. Mwisho akapiga kelele, "Nyamazeni!"

Ngwali akainama. "Maulana, karani hana ruhusa ya kunyamazisha watu."

Sultani akasaga meno, akaimaliza barua, akampa Ngwali aisome. Ngwali akasoma: "Ndugu yangu mpenzi, nakuomba radhi kwa moyo wangu wote, vikombe viwili, kimoja bila tangawizi. Kosa hili halitarudiwa tena, maana mbuzi wako amekula mihogo yangu mara tatu, na sasa nitamshitaki."

Shaame akajishika masikio. Sultani akaitwaa barua, akaisoma mwenyewe, midomo ikaanza kumcheza, mara akaangua kicheko hata kilemba kikamvuka.

"Mwacheni mzee huyu na masikio yake!" akasema. "Waiteni waashi, wazisimamishe kuta. Na barua hii ipelekwe kwa jirani kama ilivyo, pamoja na habari ya jinsi ilivyoandikwa."

Ikapelekwa. Jirani, ambaye tangu mazishi hakuwa amecheka, akacheka siku mbili, na njia ya visima ikafunguliwa.

Zahrani akampa Ngwali joho jipya na ng'ombe wa maziwa, akataka na kumfanya karani mkuu. Ngwali akapokea joho, akapokea ng'ombe, ukarani akaukataa.

"Maulana, mimi ni mtu wa maneno mengi," akasema. "Ukinitia mle, itakubidi ujenge kuta mbili mbili."

Akamfunga ng'ombe wake kamba, akashika njia ya nyumbani, na habari yao ikatufikia hivyo.