Hodi ya Tatu Kanisani Mlimani

Paukwa!

Pakawa!

Mwenye mtoto mgongoni amshushe. Mwenye kikohozi akohoe sasa. Hadithi hii haipendi kukatizwa.

Hapo zamani za kale palikuwa na kisiwa chenye makanisa matatu ya mawe. Moja pwani, moja katikati, moja mlimani. Kuta zake zilikuwa za matumbawe na chokaa, nene kama za ngome, na kila kanisa lilikuwa na mlango mmoja tu.

Katika kisiwa hicho, mtu akifiwa hakuwasha moto. Hakuteka maji, hakushika jembe. Alilishwa na majirani mpaka ayazungukie makanisa yote matatu. Kwenye kila mlango alipiga hodi. Walio ndani wakaitika karibu, akaingia, akamtaja marehemu wake kwa jina. Akitoka la mwisho, matanga yameanuliwa. Lakini aliyepiga hodi tatu bila kuitikiwa alirudi kwake, na matanga yakabaki palepale.

Basi palikuwa na mama wa kijiji cha pwani, jina lake Teofila. Homa ilimchukua binti yake, Agripina. Wakabaki wavulana wawili. Kila jioni Teofila aliwaona wamekaa kwenye vizingiti vya watu, bakuli mikononi, wakisubiri watoto wa wenyewe wapakuliwe kwanza. Siku moja mdogo akarudi na bakuli kavu. Jirani alikuwa amesahau.

Teofila hakulia. Alifunga kanga kiunoni, akaenda kwa Bibi Perpetua.

Huyo Bibi Perpetua ndiye aliyekuwa mkubwa wa wanawake pale pwani. Alikuwa amezika watoto wake mwenyewe, wala hakupenda kusimulia habari hizo. Teofila akamwambia kwamba makanisa mawili hayamtishi, ila anaogopa lile la mlimani. Maana watu wa mlimani na watu wa pwani waligombania mwamba wa pweza tangu enzi za babu zao, na mwaka ule ngumi zilirushwa. Hawakuwa wakisalimiana hata njiani.

Bibi akajibu kwamba woga haujawahi kupika ugali. Wakaondoka Jumapili asubuhi.

Wakaenda, wakaenda, wakafika la pwani. Hodi. Karibu. Teofila akaingia, akalitaja jina, akatoka.

Wakaenda, wakaenda, wakafika la katikati. Hodi. Karibu. Akaingia, akalitaja jina, akatoka.

Wakaenda, wakapanda, wakapanda, magoti ya Bibi yakilia ko, ko, ko, wakafika la mlimani. Sala ilikuwa inamalizika. Gaudensi, katekista wa pale, aliwaona kupitia dirisha jembamba. Akainua mkono. Watu wote wakanyamaza.

Hodi.

Jii.

Hodi.

Jii.

Teofila akavuta pumzi apige ya tatu. Bibi Perpetua akamziba mdomo kwa kiganja, akamwambia aketi. Wakaketi kizingitini, bega kwa bega, mlango ukajaa.

Sasa, mila ya kisiwa ilisema hivi pia: mtu hamruki mfiwa. Anayemruka huubeba msiba ule mpaka nyumbani kwake. Na mlango ni mmoja.

Jua likapanda. Ndani vichanga vikaanza, nge, nge, nge. Wanawake wakakumbuka maharage waliyoyaacha motoni. Mzee mmoja akanong'ona kwamba kibofu hakina dini.

"Bibi," Gaudensi akaita, "mwondoe huyo mlangoni."

"Hajamaliza kupiga hodi."

"Basi amalize."

"Anapumzika. Katoka mbali."

Mtu akacheka, akafinywa. Gaudensi akapandisha sauti. Alisema watu wa pwani wanajua njia ya mwambani usiku, basi na misiba yao waimalizie hukohuko chini. Teofila aliyasikia yote. Alitazama vidole vyake vya miguu, vyekundu kwa vumbi la mlima, akawaza bakuli lile kavu.

 Bibi Perpetua akasema, bila kugeuka:

"Gaudensi, mwanangu. Ulipomzika mkeo Domitila ulishuka kwetu, ukapiga hodi. Wakati ule hatukuwa na ugomvi?"

"Tulikuwa nao."

"Aliyekuitikia nani?"

"Wewe, Bibi."

"Hodi ya ngapi?"

Jii.

"Ya kwanza," Gaudensi akasema.

Bibi akamgusa Teofila goti. "Haya, piga."

"Wakinyamaza?"

"Watakuwa wamenyamaza. Mimi siwezi kuitika badala yao."

Teofila akasimama. Angeweza kushuka mlima bila kuipiga, akakaa na tumaini lake, na wanawe wakakaa na bakuli zao. Akaipiga.

"Hodi."

Ndani unyayo ukakwaruza sakafu, kwaru, kwaru. Gaudensi akaja mpaka mlangoni, macho chini.

"Karibu, mama," akasema.

Nyuma yake wakaitika wengine, mmoja mmoja, halafu wote.

Teofila akaingia. Mle ndani mlikuwa na baridi, mkinuka chokaa na nta. Akasema, "Agripina." Kuta zikalichukua jina, zikalirudisha, Agripina, pina, na watu wa mlimani wakainamisha vichwa mpaka lilipoisha.

Jioni ile aliwasha moto kwake. Ugali ulikuwa na madonge, kwa kuwa mkono ulikuwa umesahau. Wavulana wakala. Mdogo akaomba ukoko, mama akaukwangua, akampa.

Mwamba wa pweza waliendelea kuugombania, msidhani waliacha. Lakini tangu hapo hakuna mfiwa aliyepiga hodi mara mbili katika kisiwa kile. Na Bibi Perpetua alipokufa, kijiji cha mlimani nacho kilizima mioto.

Wanangu, ugomvi wa mwambani uacheni mwambani. Mfiwa akisimama mlangoni mwitikieni, awe ametoka upande wowote. Kila nyumba ina siku yake ya kubisha.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyesinzia asiniulize kesho.